Nani Anatoka Jasho, Mwanafunzi au Simu?

Mwaka jana nilialikwa kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili, nitazame somo la Jiografia lililotangazwa kuwa linatumia akili mnemba. Projekta imewashwa, mapazia yameshushwa, na mwalimu, kijana mchangamfu, amefungua programu ya maongezi kwenye kompyuta mpakato. Akaandika swali: nini husababisha mmomonyoko wa udongo? Majibu yakatiririka ukutani, hoja saba zenye namba. Darasa likapiga makofi. Baada ya hapo kimya, kalamu zikaanza kukwaruza. Kwa muda wote uliobaki wanafunzi walinakili zile hoja saba kwenye madaftari, na waliochelewa walikuwa wakiomba, "Mwalimu, usisogeze kwanza."

Nikakumbuka enzi zetu. Mwalimu anamkabidhi kiranja daftari la notsi, kiranja anajaza ubao, sisi tunanakili, mwalimu yuko ofisini na kikombe cha chai. Nilichokiona siku ile ni kiranja yuleyule, ila huyu anakula umeme na bando. Nje ya dirisha la darasa lile palikuwa na korongo ambalo mvua za masika zilikuwa zimelichimba hadi karibu na msingi wa choo. Hakuna aliyeambiwa alitazame.

Siku hizi kila semina ya walimu ina mada ya akili mnemba. (Wakenya wengi husema akili unde. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama hii ya kwetu ilitengenezwa Kisiwa cha Mnemba kule Unguja, nikashindwa kumjibu kwa kicheko.) Semina hizo hufundisha namna ya kuiandikia programu maagizo na namna ya kupata andalio la somo kwa dakika mbili. Kwenye andalio la somo sina ugomvi. Mwalimu aliyejazwa vipindi wiki nzima na asaidiwe na yeyote anayeweza. Ugomvi wangu uko kwenye kipindi chenyewe, na kigezo ninachotumia ni cha kishamba kabisa: natazama nani anatoka jasho. Simu ikifanya kazi na mtoto akatazama, hiyo ni sinema. Mtoto akibashiri, akabishana na mwenzake, akahesabu, halafu simu ikaitwa mwishoni kuja kupimwa, hapo nitasema somo limefanyika.

Tena kazi hiyo haihitaji maabara. Programu zinazofaa zimo mifukoni mwetu: kibodi inayokisia neno, programu ya kutafsiri, kichujio cha meseji za matapeli, kamera inayotambua jani lenye ugonjwa. Ni akili mnemba ambayo mama ntilie anaitumia kila siku bila kuiita jina.

Anza na kibodi. Mwenye simu janja anajua: unaandika "habari za", na juu ya herufi yanachomoza maneno matatu yakisubiri kuguswa. Usiwashe simu yoyote. Mpe kila mwanafunzi kipande cha karatasi, andika ubaoni "Hapo zamani za", waambie waandike neno moja linalofuata, wakunje, wakusanye. Karibu darasa zima litaandika "kale" na watakucheka kwa swali jepesi namna hiyo. Waache wacheke. Halafu andika: "Jana usiku tulikula".

Nilipofanya zoezi hili na wanafunzi wa bweni, ugali uliongoza kwa mbali, wali ukafuata, na karatasi moja ilikuwa imeandikwa "kwa shida", kwa mwandiko ambao kila mtu aliujua ni wa nani. Tukachora jedwali ubaoni, maneno upande mmoja na idadi ya kura upande wa pili. Nikawaambia, hilo jedwali ndilo kibodi. Mashine imesoma maandishi mengi, imehesabu neno gani hufuata lipi, inakupa lenye kura nyingi. Binti mmoja aliyetoka Bukoba akanyosha mkono: kwao jibu lingekuwa ndizi, na ndizi imepata kura moja tu, ya kwake. Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa ameshasema, kwa mfano wa chakula cha usiku, kile ambacho wataalamu hukiandikia makala nzima kuhusu data iliyoegemea upande mmoja. Maswali yaliyofuata yalitoka kwa wanafunzi wenyewe: simu yangu ilisoma Kiswahili cha nani? Cha magazeti? Cha Unguja? Cha watu wanaochati usiku?

Mchezo wenyewe ni mkongwe. Claude Shannon, mhandisi wa Kimarekani, alichapisha mwaka 1951 utafiti ambamo mtu alitakiwa kubashiri herufi inayofuata katika maandishi ya Kiingereza, ili ipimwe ni kwa kiasi gani lugha inajirudia. Kitabu tu na mtu wa kubashiri vilitosha. Sisi tuna darasa zima.

Raundi ya pili ndiyo niipendayo zaidi, na nadhani Kiswahili kimebarikiwa nayo kuliko lugha nyingi. Gawa darasa mara mbili. Kundi la kwanza lione sentensi hii yote: "Kitabu ambacho mwalimu wetu wa Hesabu alituletea juzi". Kundi la pili lione maneno mawili ya mwisho tu, "alituletea juzi". Kila mmoja aandike neno linalofuata. Waliofichwa wataandika "jioni", "zawadi", "akaondoka". Waliooneshwa sentensi nzima wataandika "kimepotea", "kimechanika", "kinapendeza". Sasa uliza: hiyo ki- ya "kimepotea" imetoka wapi? Si kwenye "juzi". Si kwa mwalimu, kwani yeye angeleta a-. Imetoka kwa kitabu, huko mwanzo kabisa wa sentensi, imeruka maneno saba ikatua kwenye kitenzi.

Walimu wa Kiswahili wamefundisha upatanisho wa kisarufi miaka nenda rudi, na wanafunzi wameukariri kama adhabu. Kumbe ndio ugonjwa uliowasumbua wahandisi wa lugha: mashine inayotazama maneno mawili ya nyuma haiwezi kujua kwamba habari ni ya kitabu. Muundo wa programu za lugha uitwao transfoma, ambao watafiti wa Google waliuchapisha mwaka 2017 na ambao programu za maongezi za leo zimejengwa juu yake, nguvu yake ni hapohapo: kila neno linaruhusiwa kutazama maneno mengine yote ya sentensi na kupima lipi linalihusu. Mwanafunzi aliyeifuata ile ki- kwa kidole ameshaonja jambo hilo. Na ameonja kwenye kipindi cha Kiswahili, siyo kwenye chumba cha kompyuta kilichofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyesafiri.

Raundi ya tatu ni fupi. Andika ubaoni: "Mkuu wa kwanza wa shule yetu aliitwa". Waambie wajaze. Wote watajaza. Watatokea akina mzee fulani, padri fulani, mwalimu fulani, majina yanayosikika vizuri kabisa. Ukishayasoma, uliza ni nani anayejua kweli. Kimya. Basi uliza kwa nini hakuna aliyeacha wazi. Ukiwa umefika hapo huna haja ya kuhubiri kuhusu mashine inayobuni ukweli. Wameshajiona.

Baada ya raundi hizo tatu ndipo simu ya mwalimu inatoka mfukoni, moja tu, inaandikiwa sentensi zilezile, na mmoja anasoma kwa sauti kile inachopendekeza. Darasa linashangilia au linazomea. Tofauti na makofi ya lile darasa la Jiografia, safari hii wanajua wanachoshangilia.

Kwa programu ya kutafsiri utaratibu ni huohuo, bashiri kwanza. Google Translate ina Kiswahili tangu 2009, na ni wachache wasioitumia. Kiambishi a- hakisemi mtu ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinakulazimisha useme. Waambie wanafunzi watunge sentensi kumi: anaendesha lori, anafua nguo, ni nahodha, ni mkunga, anafundisha Fizikia. Mbele ya kila moja waandike watakavyobashiri, "he" au "she", na sababu. Ndipo simu ihukumu. Mara nyingi mashine huwagawia watu kazi kama vile mzee wa baraza la zamani. Wahusika wanalijua tatizo: mwaka 2018 Google walianza kuonesha tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, kwa baadhi ya sentensi za Kituruki, lugha nyingine ambayo kiwakilishi chake hakitaji jinsia. Andikeni tarehe juu ya jedwali lenu, maana programu hizi hubadilishwa kimyakimya na jibu la mwezi huu si lazima liwe la mwezi ujao. Darasa linaloweka majedwali ya mihula mitatu lina utafiti mkononi.

Na saa! Usiache saa. "Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi." "Kunywa dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku." Kila mtoto wa Afrika Mashariki anajua saa mbili asubuhi jua limeshapanda, wanafunzi wako darasani. Je, mashine inajua, au inahesabu kwa saa ya Kizungu? Itapata baadhi na kukosa baadhi, na mwanafunzi anayetafuta sentensi ya kuikosesha anajifunza Kiswahili na Kiingereza kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwenye zoezi la kawaida la tafsiri. Sehemu ya dawa iwekewe mjadala wake.

Penye kompyuta yenye kamera na intaneti, kuna Teachable Machine, ukurasa wa Google unaomruhusu mtoto aifundishe mashine kutofautisha picha: makundi mawili, picha kadhaa kwa kila kundi, dakika chache. Mtoto aifundishe itenganishe kikombe na kitabu, halafu aioneshe kandambili. Mashine itasema ni kikombe, au ni kitabu, tena kwa asilimia kubwa tu, kwa sababu haikupewa kundi la tatu na haina namna ya kusema sijui. Kuanzia hapo ni hatua moja kufika kwenye utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018. Walikusanya picha za wabunge wa nchi sita, Rwanda, Senegali na Afrika Kusini kwa upande mmoja, Finland, Iceland na Sweden kwa upande mwingine, wakazipima programu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe programu zilikosea isiyozidi asilimia 0.8, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi moja ilikosea hadi asilimia 34.7. Mtoto aliyeiona kandambili ikiitwa kitabu hatashangaa. Atauliza tu mashine ilioneshwa nyuso za nani.

Sasa zoezi ambalo wazazi watakushukuru. Hakuna nyumba Tanzania ambayo haijapata ile meseji: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litatokea..." Waambie wanafunzi wanakili kwenye karatasi meseji za nyumbani, za kitapeli na za kweli, wakifuta kila jina na kila namba. Zikifika arobaini, changanya, gawa kwa makundi. Kundi moja ni kichujio. Linahesabu maneno: "hela" limo kwenye meseji ngapi za matapeli na ngapi za kweli? "Jina litatokea" je? Linatoa alama kwa kila neno, linaweka kiwango cha alama ambacho meseji ikikivuka inazuiwa. Kundi la pili ni matapeli. Kazi yao ni kuandika upya meseji ipite. Mara moja "hela" inageuka "h3la", "tuma" inageuka "rusha", na mmoja anaanza na "Shikamoo mama" ili alama zishuke. Kichujio kinarekebishwa, matapeli wanarudi.

Kwenye darasa nililolishuhudia, mzozo mkubwa haukuzuka kwa sababu ya matapeli. Ulizuka pale kichujio kilipozuia meseji ya kweli, ya mama mmoja aliyemwandikia mwanawe mkubwa: hela ya dawa ya bibi tuma kwenye namba ya mjomba, simu yangu imezima. Kila neno lilikuwa na alama za kitapeli. Kundi la kichujio likataka kupandisha kiwango, lakini ukipandisha wanapita watatu wa kitapeli. Ni bora kipi, bibi akose dawa au jirani aibiwe? Mwalimu wa Hesabu, aliyekuja kwa shingo upande, alitoa chaki akaanza kuchora jedwali la miraba minne: waliozuiwa kwa haki, waliozuiwa kwa kuonewa, waliopita kwa haki, waliopita kwa bahati. Sijui kama kuna njia nyingine ya kufundisha mada ya uwezekano ambayo ingewafanya watoto wapige kelele kiasi kile.

Kelele, kwa kweli, ndiyo tatizo la shughuli hizi. Mkuu wa shule akipita koridoni anasikia darasa linaungua. Ziko shule ambazo ukimya ndio alama ya mwalimu bora, na huko mwalimu wa kiranja wa umeme atapandishwa cheo kabla ya huyu. Pia yapo mengine ambayo walimu huniambia. Simu ni marufuku kwa wanafunzi. Sawa, na iendelee kuwa marufuku. Mazoezi yote niliyoyataja yanataka simu moja, ya mwalimu, dakika kumi za mwisho. Mtihani wa NECTA haumuulizi mtu kuhusu kibodi. Kweli, ila unamuuliza upatanisho wa kisarufi, na unamuuliza uwezekano na takwimu, na muda utakaotumika ni wa mada hizo. Umri nao una mipaka: mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 unapendekeza programu zinazozalisha maandishi na picha zisitumiwe darasani na mtoto aliye chini ya miaka 13, sababu nyingine ya kubaki na karatasi kwa wadogo. Na picha za nyuso za watoto zisipelekwe kwenye mitandao kwa jina la somo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, nazo hazikuwaacha watoto nje.

Kuna hoja nzito kuliko hizo. Wanasema dunia itamtaka kijana ajue kuziagiza programu hizi, kwa hiyo tumfundishe kuagiza. Sipingi kwamba ataziagiza. Napinga kwamba hilo linahitaji miaka minne ya sekondari. Vitufe vinahama kila baada ya miezi sita, na mtoto atavijua kabla yako. Asichoweza kukipata peke yake mtaani ni mazoea ya kujiuliza, kabla ya kubonyeza, jibu linatakiwa liweje. Ndiyo maana nasahihisha ubashiri na maelezo, sisahihishi jibu la mashine. Mwanafunzi aliyebashiri vibaya akaeleza vizuri kwa nini alikosea anapata alama nyingi kuliko aliyebahatisha.

Pasipo umeme wala simu, tumia viberiti. Mwaka 1961 Donald Michie, Mwingereza, alichukua visanduku vya viberiti 304 akatengeneza mashine iliyojifunza kucheza ule mchezo wa kupanga X na O tatu kwa mstari. Viberiti 304 ni vingi kwa duka la shule, kwa hiyo mimi natumia kumi na mchezo mdogo: komwe kumi mezani, kila mchezaji anachukua moja au mbili, anayechukua ya mwisho ameshinda. Mashine huanza. Viberiti vimeandikwa 1 hadi 10, na ndani ya kila kimoja mna maharagwe, mekundu matatu na meupe matatu, isipokuwa cha 1 chenye mekundu tu. Zikibaki komwe saba, mwanafunzi anafungua kiberiti cha 7 bila kuchungulia, anachomoa haragwe. Jekundu, mashine imechukua komwe moja, jeupe, mbili. Ikishinda, kila kiberiti kilichofunguliwa kinaongezewa haragwe la rangi iliyotoka. Ikishindwa, haragwe la mwisho kuchomolewa haliingii tena. Na ikikuta kiberiti kitupu, imesalimu amri, na haragwe lililochomolewa kabla ya hapo ndilo linaloondoka.

Mwanzoni mashine ni bozi. Kadiri michezo inavyoongezeka, inaanza kuwatoa jasho hata wale wanaojidai. Hakuna aliyeifundisha kanuni yoyote. Yamehama maharagwe tu. Dhidi ya mchezaji mzuri, kiberiti cha 3 kinaisha, kisha cha 6, na watoto wanagundua wenyewe kwamba ukikuta komwe tatu au sita umeshaliwa, utake usitake. Halafu mmoja, huwa ni yule mkimya, anauliza kwa nini kiberiti cha 9 hakijafunguliwa hata mara moja. Usimjibu.

Nimeiacha mihogo kwa makusudi, kwa sababu shule zetu nyingi zina shamba, na pwani shamba maana yake mihogo. Kuna programu iitwayo PlantVillage Nuru, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA, taasisi ya kilimo cha nchi za joto. Unaelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, inakwambia kama inaona batobato, michirizi kahawia, uharibifu wa utitiri, au uzima. Inafanya kazi bila mtandao. Picha za mihogo zilizotumika kuifundisha zilipigwa mashambani humu Tanzania, na jina lake halihitaji kutafsiriwa.

Kilichonivutia ni utafiti wa mwaka 2020 ulioipima. Kwa jani moja, Nuru ilipatia asilimia 65. Kabla hujasonya, soma na namba nyingine: maafisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58, wakulima kati ya 18 na 31. Na mmea uleule ukipimwa majani sita badala ya moja, Nuru ilipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Andalio la somo limeshajiandika. Chagua mashina kumi, yafungie vitambaa vyenye namba. Kundi la kwanza linapima kwa macho, likiwa na picha za magonjwa. Kundi la pili linamhoji bwana shamba wa kata, akiwepo, au mzee anayelima jirani. Kundi la tatu lina simu ya mwalimu, linapima jani moja kwanza, linaandika, kisha majani sita, linaandika tena. Hakuna kundi linaloruhusiwa kuona daftari la mwenzake hadi mwisho. Wakirudi darasani wana majedwali manne yanayopingana, na hawana kitabu cha kuwaambia nani kapatia.

Siku tuliyofanya hivyo mabishano yalikuwa juu ya shina la nne. Batobato ni rahisi, jani linajikunja na kuwa na mabaka ya njano na kijani kama kitenge kilichochuja. Shina la nne halikuwa hivyo. Majani ya juu yalikuwa safi. Ya chini yalikuwa na unjano uliofuata mishipa, hafifu, kama jani linalozeeka tu. Kundi la macho likasema mzima. Mzee jirani akasema jua kali. Watafiti waliokuwa wakiiunda programu hiyo waliandika mwaka 2019 kwamba dalili zikiwa hafifu uwezo wa mashine hushuka, nikawasomea. Wakaanza kuhesabu kura, nani aaminiwe, na kwa nini sita kwa moja, na kama mzee aliyelima miaka arobaini ahesabiwe kura mbili.

Kijana mmoja aliyekuwa amechuchumaa pembeni, ambaye jina lake halikuwa kwenye kundi lolote kwa kuwa alichelewa namba, akasema, "Mwalimu, michirizi kahawia si inakula mzizi? Tunabishania majani ya nini?" Akaingia stoo ya shamba akatoka na jembe. Tuliung'oa muhogo ule, ukapasuliwa kwa panga juu ya tofali, na darasa zima likainama kutazama. Ndani ya ule weupe palikuwa na doa la kahawia, kavu kama kizibo, kubwa kuliko kidole gumba. Akachukua daftari la kundi la kwanza, akafuta neno "mzima", kisha akauliza kama tunaruhusiwa kung'oa yale mengine tisa.